Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Kama wiki jana gazeti lako lilifungiwa nyama buchani kabla hujafika ukurasa huu, pole. Nitakudondolea machache, halafu turudi kwenye msiba wangu.

Mimi ni Nyamongo, mwana wa marehemu Obwocha, mzaliwa wa Manga. Kidato cha nne nimemaliza, kazi sijapata, mdomo ninao. Mwaka jana, 1972, nilikwenda Kericho kutafuta kibarua cha kuchuma chai. Siku ya kurudi, sanduku langu la bati likiwa limeshafungwa juu ya basi, nikaona muda wa glasi moja ya chang'aa upo. Zikawa nne. Ya tano siikumbuki, ila hakimu alinikumbusha: nilikamatwa nikiendesha baiskeli ya polisi, na mwenye baiskeli ananifuata kwa miguu.

Nilipoulizwa jina nikasema Jethro Onsongo. Simjui mtu wa jina hilo hata leo. Niliogopa tu habari isimfikie mama yangu, Bathsheba, shemasi wa kanisa, mwanamke ambaye hata soda huinusa kwanza.

Basi Jethro Onsongo akafungwa miezi tisa. Nalo basi likaondoka bila mimi, likatumbukia mtoni. Sanduku liliokotwa, cheti changu cha shule kimo ndani. Mwili wangu haukuokotwa, kwa sababu ulikuwa jela unapalilia maharagwe ya serikali.

Kwetu mtu hafi akabaki hewani. Maiti isipopatikana hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo za mwenyewe, likaliliwa, likazikwa. Walingoja miezi mitano, kisha wakanizika. Na wiki jana nilifika nyumbani kwa miguu, naimba, nikakuta kaburi langu kando ya nyumba, majani yameanza kuota juu. Mama aliponiona akaingia ndani akatia komeo.

Hapo ndipo nilipokuacha, msomaji. Mlango umefungwa, mimi nje.

Siku tatu nililala kwenye banda la kukaushia pareto. Ukilala na maua ya pareto hutaumwa na kiroboto, hutaumwa na mbu, ila utaamka unajiuliza kama wewe mwenyewe si mdudu.

Kila asubuhi nilikwenda kusimama nyuma ya ukuta wa jikoni.

"Mama, ni mimi."

"Nimesikia."

"Basi nifungulie."

"Aliyezikwa hapiti mlangoni mwangu."

"Mama, mlizika mgomba!"

"Tulizika tulichozika."

"Nichungulie basi. Dirishani tu. Uone kama mimi si Nyamongo."

Nikasikia anakoleza moto. Mama yangu, msomaji, ni mtu aliyewahi kutembea kutoka Manga mpaka Nyamache na mzigo kichwani, mvua inanyesha, kwa kuwa aliambiwa nina homa shuleni. Sasa kati yangu na yeye palikuwa na ukuta wa udongo wa unene wa kiganja, na hakutaka hata kuweka jicho kwenye ufa.

Nilichotaka katika dunia hii kilikuwa kitu kimoja: anitazame, aseme jina langu, niingie ndani nile.

Aliyezungumza nami uso kwa uso alikuwa dada yangu mkubwa, Marion, mwalimu wa shule ya msingi. Hata hivyo alisimama upande wa pili wa ua, na miguu yake ilielekea njiani, kama mtu anayeongea na ng'ombe asiyemjua vizuri.

"Ndugu yangu, ulizikwa vizuri sana," akaniambia. "Watu walilia. Hata mwalimu wako wa hesabu alilia."

"Huyo alinipa alama sita kwa mia!"

"Ndiyo maana alilia. Alisema angejua, angekupa kumi."

"Nani alihubiri?"

"Pasta alikataa. Alisema akianza na mgomba, mwezi ujao ataletewa gunia la mahindi alibatize. Baba mdogo Angwenyi ndiye aliyesimamia. Alisema ulikuwa kijana mpole, mtiifu, asiyependa pombe."

"Huyo siye mimi. Mlikosea maiti."

Akacheka, mkono mdomoni, vile vile kama zamani. Halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Nyamongo, nikuulize, na usinifanyie mzaha. Jela ulitoka lini hasa?"

"Jumatatu."

"Hukuwahi kuja kabla ya hapo? Ukajificha kwenye migomba?"

"Nije vipi? Jela si kanisa, Marion, kwamba ukichoka unatoka kabla ya sadaka."

Akatazama kaburi. Akashusha sauti.

"Tangu wiki ile tuliyokuzika, mama huweka chakula pale juu kila jioni. Ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga unayoipenda, juu ya jani la mgomba. Asubuhi chakula hakipo."

"Mbwa."

"Nami nilisema mbwa. Nikaenda kuangalia. Nikakuta jani limekunjwa mara nne, na jiwe dogo juu yake. Mbwa gani hukunja jani akaliwekea jiwe lisipeperuke?"

Tangu nikiwa mdogo, nikimaliza kula shambani, hulikunja jani mara nne, nikaweka jiwe. Mama ndiye aliyenifunza. Mtu mwingine anayefanya hivyo simjui.

"Miezi minne?" nikauliza.

"Miezi minne. Na mama hukaa pale akimpa aliyezikwa habari. Kwamba bei ya pareto imeshuka, kwamba ng'ombe mwekundu amezaa. Anasema hujibiwa. Mimi sijasikia jibu. Nimesikia mluzi tu, mara mbili."

"Mluzi wa nani?"

Marion akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Na sasa?" nikauliza.

"Tangu siku uliyofika, chakula kinalala pale pale. Mama anasema umemfukuza mwenye chakula."

Siku hiyo sikusogea kwenye migomba. Nilijiambia ni kwa sababu ya umande.

Baba mdogo Angwenyi alikuja kesho yake na fimbo yake na koti lake la mvua, ambalo huvaa hata jua likiwaka, kwa sababu lilikuwa la Mzungu. Alinizunguka mara mbili. Akanisukuma bega kwa fimbo.

"Unaumia?"

"Naumia, baba."

"Vizuri. Mfu haumii." Akaketi juu ya gogo. "Sikiliza. Dawa ya jambo hili ipo na si ngumu. Lile shina tulilozika litolewe, liteketezwe mbele ya watu, majivu yapelekwe mtoni. Tuchinje mbuzi. Mama yako akupakulie kwa mkono wake, ule mbele yetu. Basi, umerudi. Usipofanya hivyo, utalala na pareto mpaka uote petali."

"Tuchimbe leo!"

"Kaburi halichimbwi kama viazi, kijana. Naibu wa chifu ameshaandika kwamba umekufa. Nenda kwa polisi. Aje mtu wa serikali ashuhudie."

Kituo chetu cha polisi kina kiti kimoja, na Koplo Salat hakipendi. Ofisi yake halisi ni meza ya nyuma katika duka la Mzee Farah, penye chai ya tangawizi na redio ya betri. Nilipoingia, watu wakavuta vikombe vyao karibu. Mama mmoja alichukua sukari yake akatokea mlango wa uani, mlango ambao wateja hawautumii.

Mzee Farah peke yake hakushtuka.

"Chai ya maziwa au ya rangi?"

"Mzee, huogopi kunihudumia?"

"Maiti wote niliowahi kuwaona hawakuagiza chai. Wewe kaa, kunywa."

Koplo Salat ni mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya pole ambayo humfanya mwizi akiri kabla hajaulizwa. Akanitazama juu ya kikombe.

"Kijana, shida?"

"Nataka kufukua kaburi, afande."

"La nani?"

"Langu."

Akaweka kikombe chini taratibu.

"Unajua, Mzee Farah, huku kwenu nimeshaona mengi. Mwezi huu mtu amekuja kushtaki kwamba ameibiwa mlango, nyumba ikaachwa. Mwingine ameibiwa kitanda akiwa amelala juu yake, akaamka yuko chini na shuka amefunikwa vizuri."

"Huyo mwizi ana utu," Mzee Farah akasema.

"Ana utu sana. Lakini wale walalamishi angalau walianza kwa kuwa hai." Akanigeukia. "Kibali cha hakimu unacho?"

"Ndani hamna mtu, afande. Ni mgomba."

"Kama ni mgomba, kamuone bwana shamba."

Duka zima likacheka. Nami nikacheka. Mara nikasikia nacheka peke yangu. Wenzangu wote walinyamaza pale pale nilipoanza, wakatazama vikombe vyao.

"Kitambulisho?" Koplo akauliza.

"Nilikiacha kwenye kiti cha basi, kikazama mtoni."

"Una karatasi gani?"

Nilikuwa na moja tu. Ya kutoka jela. Akaisoma, akairudia, akaiweka mezani na kuilainisha kwa kiganja.

"Hii inasema wewe ni Jethro Onsongo."

"Nilitaja jina la uongo, afande. Kwa aibu."

"Kwa hiyo, kwa karatasi, Nyamongo amekufa na Onsongo yu hai. Hamjuani. Sasa nieleze: Onsongo anatafuta nini kaburini kwa Nyamongo?"

Nikanyoosha mkono nichukue karatasi yangu.

"Mwache, Koplo," akasema Mzee Farah. "Mtu akishazikwa, amekwisha adhibiwa."

Koplo Salat akakunja karatasi yangu, akaitia mfukoni mwake, si mwangu.

"Alhamisi asubuhi nitakuja nishuhudie huo mgomba. Nikiuona kwa macho, naandika kwamba Nyamongo yu hai na ni wewe. Nisipouona..."

"Usipouona?"

"Kwani mgomba utaenda wapi, bwana?"

Alhamisi kulipambazuka kukavu. Kufikia saa tatu, kijiji kizima kilikuwa kwenye ua. Waliokosa maziko yangu walisema haki ya Mungu ufukuaji hawataukosa. Watu walikuja na mahindi ya kuchoma. Mmoja alinipungia mkono, kisha akaufuta kwenye suruali.

Waliozika ndio hufukua, kwa hiyo baba mdogo Angwenyi alishika jembe pamoja na jirani yetu Ombui. Mimi nilikatazwa kugusa udongo. Mama alikuwa ndani. Mlango wake ulikuwa wazi kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Anangoja, nikajiambia. Mgomba ukitoka tu, atatoka.

"Chimba polepole," Ombui akamwambia baba mdogo. "Usimkate Nyamongo mguu. Ataenda vipi sokoni?"

Watu wakacheka. Hata Koplo akatabasamu. Nami nilipaza sauti:

"Nikatieni kile kidole kilichokuwa kinauma!"

Udongo ulikuwa laini. Laini kuliko inavyotakiwa, nilifikiria baadaye. Shimo lilipofika kiunoni, pigo la tatu la jembe likagusa nguo.

"Blanketi lenyewe," akasema baba mdogo, anahema. "Mnaona? Jekundu. Nilifunga mimi mwenyewe kwa kamba ya katani." Akainama akavuta. Halikuja. Akavuta tena. "Ombui, shika huko."

Ombui akashika. Kisha akaacha.

"Mzee."

"Nini?"

"Mgomba ukikaa miezi minne unakuwa maji."

"Ndiyo."

"Hili si maji. Hili ni zito."

Hakuna aliyetafuna mahindi tena.

Baba mdogo akafungua upande mmoja wa blanketi. Kamba ya katani haikuwapo. Nilikuwa nimesimama upande wa juu, na kabla hajapiga kelele mimi nilishaona: goti. Halafu mguu. Halafu vidole vitano, vimejipanga kama watoto wa darasa la kwanza.

Baba mdogo alitoka shimoni bila kugusa kingo. Sijui alitokaje. Koti la Mzungu lilibaki ndani.

"Mzee Angwenyi," Koplo akasema kwa ile sauti yake ya pole, "mlizika nini hapa?"

"Mgomba, afande! Niliukata mwenyewe! Ule pale, kisiki chake kile!"

"Mgomba hauna magoti."

"Najua hauna magoti!"

"Basi huyu ni nani?"

Akawatazama watu mmoja mmoja. Nani amepotea huku? Hakuna. Nani hajaonekana tangu mvua za kwanza? Hakuna. Kila boma lilijihesabu pale pale, kwa sauti, na kila boma lilikuwa limetimia. Boma lililokuwa na mtu wa ziada lilikuwa letu tu.

Macho ya Koplo yakafika kwangu, yakakaa.

"Wewe mwenye majina mawili. Simama pale nikuone."

"Afande, mimi nilikuwa jela!"

"Onsongo alikuwa jela. Ninayo karatasi."

Hapo ndipo mlango ulipolia.

Mama akatoka. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, jeupe, na leso begani. Siku nne nilikuwa nimeiomba sura ile, na sasa ilikuja inanijia, moja kwa moja, na watu wakampisha. Nikafungua mikono.

Akanipita. Alipita karibu hata nikasikia harufu ya moshi na sabuni. Akafika ukingoni, akashuka shimoni taratibu kama mtu anayeshuka kuchota maji, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumshika.

Akafunua blanketi upande wa kichwa.

Koti alilovaa yule maiti lilikuwa la shule yangu, na kifungo cha pili kilikuwa cheusi kati ya vya bluu, kwa sababu mama alikosa cha bluu. Uso haukuwa uso tena. Yalikuwapo meno. Mama akashika ncha ya leso, akaitemea mate kidogo, akayafuta udongo, kama alivyokuwa akinifuta mimi uji kabla ya kwenda shule.

Mimi nina mwanya kati ya meno ya mbele ya juu. Mpana, wa kupitisha punje ya mahindi. Wenzangu shuleni walikuwa wakisema nikipiga mluzi sihitaji kukunja midomo.

Meno yale yaliposafishika, nilipeleka ulimi wangu kwenye mwanya wangu. Ulikuwepo. Nikautazama na ule mwingine, kule chini.

"Mama," Koplo akaita, sauti sasa imepungua upole. "Unamtambua?"

"Nimzae nisimtambue?"

"Bathsheba!" Baba mdogo akalinyooshea kidole lile koti. "Tuliweka mgomba. Wewe mwenyewe ndiye uliyeuvika koti hilo. Kwa mikono yako!"

"Ninyi mliweka mgomba," mama akasema, anamfunika yule mtu vizuri, anamchomekea blanketi mabegani. "Yeye akaja mwenyewe."

Watu wa ukingoni wakarudi nyuma hatua moja, wote, kama waliopewa amri. Nikashtuka kuona baba mdogo Angwenyi, aliyekuwa upande wangu tangu asubuhi, amesimama sasa upande wa pili wa kaburi, na jembe ameliinua mpaka kifuani.

"Mama!" nikapiga magoti pale ukingoni. "Mama, nitazame mimi! Tazama!" Nikapanua mdomo wazi, nikaonyesha meno kama ng'ombe mnadani. Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni na sikujali. "Ni mimi! Ni mimi, mama!"

Akainua kichwa. Akanitazama.

Alinitazama sana. Alinitazama kuanzia nywele hadi magoti, hakuharakisha, na macho yake hayakuwa na hasira wala hofu. Yalikuwa na ile adabu aliyokuwa akiitumia mlangoni mwa kanisa, siku za Sabato, kwa watu wanaokuja mara ya kwanza.

"Pole kwa safari, baba," akasema. "Kwenu ni wapi?"

Koplo Salat alilowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akafungua ukurasa mpya wa daftari lake, akangoja nijibu.